Jino Lililokatwa Ncha ya Mzizi Hubeba Mzigo Gani?



Wengi wetu tunajua njia moja tu ya kumaliza maumivu ya jino, nayo ni kuling'oa. Lakini wapo wenzetu waliokwenda hospitali ya mkoa au ya rufaa, wakarudi kijijini na jino lao likiwa bado kinywani. Wengine wamesafishwa mzizi wa jino. Wengine wamepasuliwa ufizi na kukatwa ncha ya mzizi. Wakifika nyumbani maumivu hayapo tena. Basi wanamenya muwa kwa jino lile, wanaguguna mfupa, hata wanafungua chupa ya soda. Miezi inapita, jino linapasuka. Hapo ndipo huja zahanati na kusema, "Fedha yangu imekwenda bure."

Fedha haikuwa lazima ipotee. Jino lililotibiwa hivyo linaweza kufanya kazi kwa miaka mingi. Lakini limepungukiwa, na mwenye jino ni lazima ajue limepungukiwa nini, ili asilibebeshe mzigo lisiouweza. Leo tutajifunza jambo hilo hatua kwa hatua. Wewe ambaye hujapata tiba hii pia utafaidika, kwa sababu yanayovunja jino lililotibiwa ndiyo yanayovunja hata jino zima.

JINO LIMEJENGWAJE?

Jino ni kama kigingi kilichochimbiwa ardhini. Sehemu unayoiona kinywani ni ndogo. Sehemu nyingine imezama ndani ya mfupa wa taya, nayo huitwa mzizi. Meno ya mbele yana mzizi mmoja. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, na magego ya juu yana mitatu.

Nje ya jino kuna gamba gumu jeupe liitwalo enameli. Ndani ya gamba hilo kuna dentini, ambayo ndiyo mwili wa jino. Katikati ya dentini kuna uwazi mwembamba kama tundu la mwanzi. Uwazi huo unashuka mpaka kwenye ncha ya mzizi. Humo ndimo kilimo kiini cha jino, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Je, mzizi umegandishwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao? La. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyingi, ndogo sana na imara. Upana wa nafasi yenye nyuzi hizo ni karibu sehemu mbili za kumi za milimita moja. Upande mmoja nyuzi zimeshika mzizi, upande wa pili zimeshika mfupa. Unapotafuna, jino hucheza kidogo sana juu ya nyuzi hizo, kama mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba. Kwa njia hiyo kishindo hakigongi mfupa moja kwa moja.

MZIGO WA KUTAFUNA

Ukiweka gunia la kilo 50 kichwani unajua umebeba mzigo. Lakini ni wachache wanaojua kwamba magego nayo hubeba mzigo wa namna hiyo. Mtu mzima mwenye afya, aking'ata kwa nguvu zake zote, magego yake yanaweza kukandamizana kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50 hadi 70. Meno ya mbele hayafiki huko, yanapata kama kilo 10 hadi 20. Kutafuna ugali na mboga hakuhitaji nguvu hizo zote. Nguvu kubwa hutumika tunapovunja kitu kigumu.

Ukubwa wa nguvu si jambo pekee la kuangalia. Kuna mambo mengine mawili.

Jambo la kwanza ni eneo linalopokea nguvu. Ukikanyaga tope kwa kisigino, unazama. Ukiweka ubao na kusimama juu yake, huzami, ingawa uzito wako ni ule ule. Nguvu iliyotawanywa haina madhara kama nguvu iliyokusanywa mahali padogo. Ndiyo maana punje moja ya mchanga katika wali ni hatari kuliko kinywa kizima cha nyama. Unang'ata kwa nguvu ya kutafunia wali, lakini nguvu yote inaangukia kwenye nukta moja ya jino.

Jambo la pili ni upande nguvu inakotoka. Chukua kigingi cha kufungia mbuzi. Ukikigonga juu, kinazidi kushika. Lakini mbuzi akikivuta huku na huku, kinalegea na mwisho kinang'oka. Jino ni hivyo hivyo. Linastahimili nguvu inayolikandamiza kutoka juu kwenda kwenye mzizi. Nguvu ya kulisukuma kwa pembeni ndiyo inayolitesa. Meno ya mbele hupata zaidi nguvu za pembeni, hasa tunapokatia nyama ngumu, kumenya muwa au kuvuta kamba.

KIINI KIKIFA

Jino likioza na kuachwa, uozo hutoboa enameli, kisha dentini, mwisho hufika kwenye kiini. Kiini huumwa, kisha hufa. Kiini pia huweza kufa bila tundu lolote, kama mtu ameanguka kwenye baiskeli au pikipiki na kugonga jino la mbele. Jino kama hilo mara nyingi hubadilika rangi na kuwa la kijivu.

Kiini kilichofa ni makao ya vijidudu. Vijidudu na sumu yake hutokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia katika mfupa. Mfupa wa mahali hapo huanza kuliwa, kama mchwa anavyokula nguzo kutoka chini ya ardhi huku juu nyumba ikionekana nzima. Usaha hujikusanya. Wakati mwingine hutoka kwa kipele kidogo kwenye ufizi, na mwenye jino hudhani amepona kwa kuwa maumivu yamepungua.

Hapa nataka tuelewe kwa nini vidonge peke yake haviponyi jino kama hilo. Dawa tunayomeza husafiri kwa njia ya damu. Kiini kilichofa hakina damu, kwa hiyo dawa haifiki ndani ya jino. Vidonge vinaweza kutuliza uvimbe wa nje, lakini makao ya vijidudu yanabaki pale pale. Dawa ya kweli ni mbili tu: kung'oa jino, au kusafisha uwazi wa mzizi mpaka ndani na kuuziba.

UPASUAJI WA NCHA YA MZIZI

Kwa kawaida daktari wa meno husafisha mzizi kwa kupitia juu ya jino. Anatoboa, anatoa kiini kilichofa, anasafisha na kuziba. Hapo hakuna kupasua ufizi.

Lakini wakati mwingine usaha haukomi. Huenda uwazi wa mzizi umepinda au umejiziba, au ndani yake kuna kijiti cha chuma kilichowekwa zamani ambacho hakitoki bila kupasua mzizi. Hapo daktari, kama haiwezekani kusafisha tena kwa kupitia juu, huweza kuamua kwenda kwenye ncha kwa kupitia ufizi.

Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi. Ufizi hufunuliwa, na dirisha dogo hutobolewa kwenye mfupa. Nyama iliyooza huondolewa, kisha ncha ya mzizi hukatwa, kwa kawaida kama milimita 3. Kwa nini milimita 3? Kwa sababu karibu na ncha uwazi wa kiini hugawanyika katika vijitundu vingi vidogo, kama mto unavyogawanyika ukikaribia bahari. Vijitundu vingi vya namna hiyo vimo katika milimita hizo 3 za mwisho, na vigumu kusafishwa. Baada ya kukata, daktari huchimba tundu dogo kwenye mzizi uliobaki na kuliziba.

Zamani tundu hilo lilizibwa zaidi kwa mchanganyiko wa zebaki na madini ya fedha. Tangu miaka ya 1990 imepatikana dawa nyingine ya kuzibia, jamii ya saruji, ambayo hukauka na kuwa ngumu hata penye unyevu. Imetengenezwa na kusafishwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Tafadhali mtu asichukue saruji ya dukani akajaziba jino!

Hata namna ya kukata imebadilika. Zamani mzizi ulikatwa mshazari ili daktari apate kuona. Mkato wa mshazari unaondoa mzizi mwingi zaidi upande mmoja. Siku hizi, kwa vioo vidogo na darubini, ncha hukatwa karibu wima kabisa na mzizi, kama unavyokata muwa mraba, na mzizi mwingi zaidi unabaki.

KIGINGI KILICHOFUPISHWA

Sasa tufike kwenye swali letu. Mzizi ukikatwa, nani anabeba mzigo uliobebwa na ile ncha?

Tupige hesabu. Chukua jino la mbele la juu la mtu mzima. Tuseme sehemu ya nje ni milimita 10 na mzizi ni milimita 13. Kwa urahisi tuseme mzizi wote umo ndani ya mfupa. Sasa tazama meno manne:

Jino la kwanza ni zima. Nje milimita 10, ndani 13.

Jino la pili limekatwa ncha milimita 3. Nje 10, ndani 10.

Jino la tatu halijakatwa, lakini ugonjwa wa fizi umekula mfupa milimita 3 kutoka juu. Nje 13, ndani 10.

Jino la nne limepata yote mawili. Nje 13, ndani 7.

Kumbuka kigingi cha mbuzi. Sehemu ya nje ndiyo mpini wa kukitikisia, na sehemu ya ndani ndiyo inayoshika. Jino la pili limepungua nguvu, lakini linasimama, kwa kuwa ndani na nje ni sawa. Jino la nne lina nje karibu mara mbili ya ndani. Nguvu ile ile ya kukata nyama, ambayo jino la kwanza haliisikii, inalitikisa jino la nne mpaka mfupa unazidi kuchoka.

Linganisha tena jino la pili na la tatu. Yote mawili yamepoteza milimita 3, na yote yamebakiwa na 10 ndani ya mfupa. Lakini la tatu lina hali mbaya zaidi, kwa sababu mfupa ukipungua juu, sehemu ya ndani inapungua na wakati huo huo sehemu ya nje inarefuka. Ni hasara mara mbili.

Tena iko sababu nyingine. Mzizi una umbo la karoti, juu mnene na chini mwembamba. Kwa hiyo milimita 3 za ncha zina nyuzi chache za kushika kuliko milimita 3 za juu, karibu na ufizi. Watafiti wamechora jino ndani ya kompyuta, wakaligawa katika vipande vidogo vingi na kukokotoa mkazo wa kila kipande. Wameona kwamba kama mfupa wa kuzunguka jino ni mzima, kukata milimita 3 za ncha huongeza mtikisiko kidogo tu. Mambo huharibika pale mfupa wa juu ulipoliwa, au mzizi ulipokatwa mwingi mno.

Tunajifunza nini? Kwamba mtu aliyekatwa ncha ya mzizi hawezi kuirudisha ile ncha, lakini anaweza kuulinda mfupa wa juu kwa kusafisha meno na fizi kila siku. Mswaki wake ndio unaoamua kama jino lake litakuwa jino la pili au jino la nne.

KUTA NYEMBAMBA

Urefu wa mzizi ni jambo moja. Unene wa kuta za jino ni jambo la pili, na mara nyingi hili ndilo linalovunja jino.

Watu husema, "Jino likitolewa kiini hukauka kama kuni, ndiyo maana linavunjika." Mwaka 1992 watafiti Sedgley na Messer walilinganisha dentini ya meno yaliyotolewa kiini na ya meno yenye kiini hai. Walikuta tofauti ya ugumu na uimara ni ndogo sana. Basi kukauka siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni jino kukatwakatwa.

Mwaka 1989 watafiti Reeh, Messer na Douglas walikuwa wamepima jambo hili. Walichukua meno na kuyachimba hatua kwa hatua, wakipima jinsi yanavyopoteza uthabiti wake. Kazi ya kutibu mzizi peke yake ilipunguza uthabiti kwa asilimia 5 tu. Tundu lililochimbwa juu ya jino lilipunguza asilimia 20. Lakini tundu lililopita juu na kuvunja kuta mbili za pembeni lilipunguza asilimia 63. Fikiri chungu. Ukikitoboa katikati ya kitako bado kinasimama. Ukivunja mdomo wake pande mbili, kuta zilizobaki ukizishika kidogo tu zinaachana.

Ndiyo kusema uozo ulioachwa muda mrefu, ukala kuta za jino, unadhoofisha kuliko tiba ya mzizi yenyewe. Mzee wetu alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jino ni hivyo hivyo.

Hatari nyingine ni kabari. Tunapopasua gogo tunachomeka kabari na kuigonga, nalo gogo hupasuka kwa urefu. Kijiti cha chuma kilichochomekwa ndani ya mzizi mwembamba huweza kufanya kazi ya kabari. Kila unapong'ata, kinasukuma kuta za mzizi kwa nje. Mzizi ukipasuka kwa urefu, mara nyingi hakuna dawa ila kung'oa. Kwa hiyo mwenye kijiti katika mzizi uliokatwa ncha awe mwangalifu zaidi ya wengine wote.

JINO LISILOSIKIA

Kiini hai ni kama mlinzi. Ukikanyaga mwiba, mguu unaruka kabla hujafikiri. Vile vile ukiuma jiwe, kinywa hufunguka chenyewe. Nyuzi za kuzunguka mzizi nazo husaidia kusikia mkandamizo, na hizo hubaki hata baada ya tiba. Lakini ulinzi hupungua. Watafiti wa Sweden mwaka 1986 walipima na kukuta kwamba meno yasiyo na kiini hai yalibebeshwa uzito zaidi ya mara mbili ya meno hai kabla mwenyewe hajasikia maumivu.

Kwa hiyo, ndugu, usitumie maumivu kama kipimo. Jino lililotibiwa linaweza kubebeshwa mzigo wa kulivunja nalo likanyamaza. Tumia akili yako badala ya maumivu.

PETE YA MPINI

Mafundi wetu wanajua siri ya kuzuia mpini wa patasi usipasuke. Wanauvisha pete ya chuma. Fundi akigonga, mbao inataka kuachana, lakini pete inaibana.

Jino nalo huvishwa pete. Daktari hulivisha kofia ngumu inayofunika kuta zote na kuzibana pamoja. Kofia hushika vizuri kama kuta za jino lenyewe zimebaki angalau milimita 2 juu ya ufizi, ili zibanwe kwa kuzunguka. Utafiti wa Aquilino na Caplan huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa.

Kofia ni ghali, na haipatikani kila mahali. Lakini muulize daktari kabla hujaondoka hospitali: "Je, jino langu lahitaji kofia? Kama sina uwezo, waweza kupunguza urefu wa ncha zake za juu na kuzifunika kwa dawa ya kuzibia?" Gego lililotibiwa mzizi lina haja kubwa ya kufunikwa kuliko jino la mbele lenye kuta nzima. Kidonda cha jino kuzibwa kwa muda si mwisho wa tiba. Dawa ya muda huvuja, vijidudu hurudi, na kazi yote huharibika.

BAADA YA UPASUAJI

Wiki za kwanza jino huweza kulegea kidogo, kwa kuwa mfupa una dirisha na ufizi una nyuzi za kushonea. Fuata haya:

1. Usilitumie jino hilo kukatia wala kutafunia mpaka daktari akuruhusu. Kula uji, ugali laini, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva sana. Tafuna upande mwingine.

2. Usivute mdomo kwa vidole ili kuonyesha watu kidonda. Unafumua mshono.

3. Kuanzia siku ya pili, sukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Endelea kupiga mswaki meno mengine, ila mahali pa mshono subiri maelekezo.

4. Usivute sigara wala kutumia ugoro. Tumbaku huchelewesha kidonda kupona.

5. Rudi hospitali siku uliyopangiwa kutolewa nyuzi, na siku ya kupigwa picha ya eksirei.

Ufizi hufunga mapema, lakini mfupa hauna haraka. Huchukua miezi, mara nyingi 6 hadi 12, kujaza shimo lake. Kutosikia maumivu si dalili kwamba mfupa umekwisha kujaa. Nguzo haijengewi paa siku ile ile iliyoshindiliwa udongo.

Na baada ya mwaka mzima, je? Kula kama kawaida, lakini yafuatayo yaache kabisa: kufungua chupa kwa meno, kukata uzi, waya au kamba kwa meno, kuvunja mifupa, kutafuna bisi ambazo hazikupasuka na mahindi makavu ya kuchoma. Muwa umenye kwa kisu na kuukata vipande vidogo. Anayepika achague mchele na maharage vizuri, maana jiwe moja linaweza kumgharimu mtu jino. Kama mwenzako wa nyumbani anakuambia unasaga meno usingizini, mweleze daktari. Kuna kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

DALILI ZA HATARI

Rudi kwa daktari wa meno ukiona jino linauma unapong'ata au unapoachia, jino linazidi kulegea, kipele chenye usaha kimetokea kwenye ufizi, au kofia imelegea. Usingoje. Jino lililopasuka huendelea kula mfupa wake na wa jirani.

Lakini dalili zifuatazo si za kungoja hata usiku mmoja: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, ulimi kuinuka, kushindwa kumeza mate, kushindwa kufungua kinywa, homa kali, au kupumua kwa shida. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, kwa usafiri wowote ulio karibu. Usimkande wala usimtumbue nyumbani.

KUTUNZA AU KUNG'OA?

Sisi wa zahanati hatufanyi upasuaji huu. Kazi yetu ni kutambua, kutuliza, na kukuelekeza. Mara nyingi mgonjwa hutuuliza, "Wewe ungefanyaje?" Jibu linategemea jino lenyewe. Kama mfupa wa juu ni mzima, kuta zimebaki imara, na mgonjwa anaweza kurudi hospitali mara kadhaa, inafaa kulitunza. Kama mfupa umeliwa, kuta zimevunjika hadi chini ya ufizi, au mzizi umepasuka, kung'oa ndiyo tiba ya haki. Si aibu. Ni bora kung'oa jino moja kuliko kulala na usaha mwaka mzima. Lakini jino linaloweza kuokolewa lisitolewe kwa sababu tu hatukuuliza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Jino lililokatwa ncha ya mzizi ni kigingi kilichofupishwa. Linaweza kubeba mzigo wa chakula cha kila siku, lakini halibebi ubishi. Mfupa wa karibu na ufizi una thamani kuliko ncha iliyokatwa, na huo unalindwa na mswaki, wa dukani au wa mti, asubuhi na usiku. Kuta zilizobaki zihifadhiwe kwa kofia au kwa kuzibwa vizuri. Na maumivu yasiwe ndiyo mizani, kwa kuwa jino hilo halisemi mapema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini vidonge peke yake haviponyi jino ambalo kiini chake kimekufa?

2. Jino la pili na la tatu katika hesabu yetu yote yamepoteza milimita 3. Lipi lina hali mbaya zaidi, na kwa nini?

3. Chimbieni ardhini vijiti viwili vya urefu sawa, kimoja kwa kina kirefu na kingine kwa kina kifupi. Visukumeni kwa pembeni. Mmeona nini?

4. Tajeni mambo matano tunayofanya kijijini kwetu kwa meno ambayo yalipaswa kufanywa kwa kisu au kifungulio.

5. Hospitali ya karibu yenye huduma ya meno iko wapi, na mgonjwa mwenye uvimbe wa shingo afikishwe huko kwa njia gani usiku? Kubalianeni leo, kabla hajapatikana mgonjwa.